Udongo wa Kijani

Mgeni mwenye viatu vya ngozi na karatasi mkononi hajawahi kuwakuta wamama wa Kambi Fonderi na uwanja mchafu. Anayebisha aulize vizuri. Enzi za kampani, shefu, yaani mkuu wa kambi, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba pamoja na mkewe, mama wa kizungu aliyepitisha kidole cha glavu juu ya dirisha la mtu kisha akakitazama. Parseli, yaani nyumba na uwanja wake, ikikutwa imefagiliwa, imemwagiwa udongo mwekundu wa kichuguu na kupondwa mpaka iwe laini kama sakafu ya kanisa, mama wa nyumba alipewa beseni au kipande cha kitenge, na majirani wakampigia makofi. Parseli ikikutwa na majivu na maganda ya muhogo, posho ya mume ilikatwa. Ukirudia, mlitolewa nyumbani, vyombo vyenu vikawekwa barabarani kila mtu avione. Na huo uchafu waliokuwa wanauadhibu ulitoka wapi? Ulitoka kwenye bomba la moshi la fonderi, kiwanda cha hao hao cha kuyeyusha madini. Lakini hilo halikuulizwa. Aliyeuliza alirudishwa kwao kwa treni.

Kampani ilikufa. Wazungu walikwenda, waliowarithi wakaja, wakala, wakashiba, nao wakaenda zao. Fonderi ikanyamaza, mabati ya paa lake yakang'oka moja moja kama meno ya mzee. Ila woga ule haukustaafu. Mama alimwachia binti yake, kama anavyomwachia kinu na mchi.

Laurentine aliachiwa hivyo. Baba yake alishuka kutoka kaskazini akiwa kijana, akaingia fonderi, akafia humo. Mume wake Adalbert akaingia humo humo, akatoka na kifua kinachopiga mluzi. Laurentine mwenyewe alikuwa mkubwa wa wamama wa avenyu, ule mtaa wao, na siku akisema "tufagie", hata wanaume walishika ufagio. Katika ile nyumba ya matofali aliyoiacha baba yake, aliishi na Adalbert, na binti yao Estelle, na Syntiche, mtoto wa Estelle, aliyekuwa ameanza kusema maneno mengi na sasa alikuwa anayasahau moja baada ya jingine.

Huyo Syntiche ndiye habari yenyewe. Alikuwa anakula udongo, bulongo kama wanavyosema Lubumbashi, tena hakujificha. Akiketi uwanjani, mkono unakwenda chini, mkono unakwenda mdomoni. Watu wa chuo kikuu walipopita kupima damu za watoto, daktari alimwita Estelle pembeni. Damu ya mtoto, alisema, ina risasi, yale madini mazito yaliyokuwa yanayeyushwa fonderi, na risasi haiuachi ubongo wa mtoto salama. Dawa ya kwanza ni moja: mtoto aondolewe kwenye udongo ule, au udongo uondolewe kwa mtoto. Estelle aliuliza aende naye wapi. Daktari akatazama dirisha.

Ndipo ukaja mradi. Tajiri mmoja alinunua uwanja wote wa fonderi ili ajenge soko la kisasa, magorofa, na bustani yenye viti vya kukalia. Benki iliyomkopesha, huko nje, ikasema kwanza ardhi ipimwe, ndani ya ukuta na kwenye parseli zinazouzunguka. Usifikiri ni huruma; benki haina ini wala moyo, ina jina lake tu la kulinda. Parseli itakayokutwa na sumu itachimbwa mpaka magotini, udongo mbaya utabebwa, mzuri utaletwa, na mlangoni patawekwa simenti, bila mwenye nyumba kutoa kitu. Estelle aliposikia alilia.

"Mama, bakitutolea hii bulongo, Syntiche atapona."

"Mungu anasikia, mwanangu."

Kisha Estelle akapanda gari kwenda Kambove kumtafuta baba ya mtoto, aliyekuwa anachimba huko na ambaye simu yake ilikuwa imezimwa tangu mvua ya mwisho. Syntiche akabaki na kambo yake, yaani bibi yake Laurentine.

Estelle akiwa huko huko, Ngosa, shefu wa avenyu, alipita akipiga kengele.

"Kesho kutwa ba labo banakuya kupima bulongo! Kila muntu akuwe kwake! Na parseli ikuwe propre, mu ile ekipe kutakuwa bakubwa!"

Hakuna aliyemwambia Ngosa aseme neno la usafi. Watu wa labo, wale wa maabara, walimwambia tu milango iwe wazi. Lile la usafi aliliongeza mwenyewe, kwa sababu naye alikulia kambini, na mgongo wake bado unakumbuka.

Jioni hiyo wamama walijaa kwenye baraza la Laurentine.

"Minasikia fasi ya buchafu banapitisha bulldozer," alisema mmoja. "Banasema: hawa beko baswahibu ba taka, batoke."

Laurentine aliviona tena kichwani mwake vile vyombo vya barabarani. Aliona sufuria ya mama yake imelala ubavu kwenye vumbi, na watu wanaikwepa. "Hapa kwetu hakuna bulldozer itapita," alisema. "Kesho asubuhi, kila nyumba ilete nguvu."

"Na kama banapima bulongo ya juu tu?" aliuliza mama mmoja kwa sauti ndogo.

"Weye nawe! Redio ya hospitali, ile ya kupiga picha, inaona mufupa chini ya nyama. Mashini ya ba labo itashindwa kuona chini ya bulongo?"

Wakacheka, na swali likafa. Lilikuwa swali la pekee lenye maana lililoulizwa katika habari hii yote, na liliuawa kwa kicheko.

Asubuhi wanaume wa pusi-pusi, ile mikokoteni ya kusukuma kwa mikono, walianza kufika kutoka Kasungami, ambako wafyatua matofali hubomoa vichuguu virefu kuliko nyumba. Udongo mwekundu, mlaini, usio na kosa lolote, ulimwagwa mbele ya kila mlango. Wamama wakatandaza, wakanyunyiza maji, wakaponda kwa michi, wakiimba nyimbo za ukaguzi ambazo mama zao waliziimba. Avenyu nzima ikawa nyekundu kama imezaliwa siku hiyo. Adalbert alitazama kutoka kwenye kiti chake.

"Bibi yangu," akasema, akakohoa, akaendelea, "unamuvalisha maiti kravati shingoni."

"Na weye nitakuvalisha yako, siku yako ikifika. Inua miguu nipite."

Ng'ambo ya reli waliishi watu wengine wa kambi hiyo hiyo, lakini wao hawakujisumbua. Clotilde, muuza makala, yaani makaa, alikuwa uwanjani kwake kati ya magunia, mweusi mpaka kope, watoto wake wakichezea vumbi la makala miguuni pake.

"Clotilde!" Laurentine alimwita kutoka upande wake wa reli. "Bageni banakuya, unabaonyesha nini? Hiyo pua ya batoto?"

"Yaya Laurentine, dada yangu, acha bakuje bapime pua. Miye nauza makala. Nikipaka bulongo poda, makala itanunuliwa na nani?"

Wakacheka wote wawili. Walikuwa wanapendana kwa namna hiyo.

Watu wa labo walifika na gari jeupe. Aliyeingia kwa Laurentine alikuwa kijana mwenye adabu, jina lake Ephraïm. Alipiga hodi, akasalimu wazee, akapiga magoti na kijiko cha chuma. Akakwangua udongo wa juu, kijiko kimoja hapa, kijiko kimoja pale, pale hasa ambapo mtoto huketi, akavitia kwenye mfuko wa nailoni. Hakukuwa na mashini. Laurentine alingoja atoe mashini, na yeye akaanza kufunga mfuko.

"Mama, bulongo ya hapa iko muzuri sana," Ephraïm alisema, akiusugua kati ya vidole. "Ni ya hapa hapa?"

Hapo ndipo ulimi wa mtu humtangulia. Laurentine aliwaona wamama wenzake wamesimama kwenye ua, wanasikiliza, wanatabasamu. Akasikia makofi ya zamani.

"Ni ya hapa, mwanangu. Shiye ba Kambi Fonderi hatukae mu buchafu."

Ephraïm akaandika. Wakampa karanga za kukaanga na soda baridi, akala, akashukuru, akaenda nyumba inayofuata. Na nyumba inayofuata ilikuwa nyekundu vilevile.

Matokeo yalitangazwa katika ukumbi wa parokia. Estelle alikuwa amerudi kutoka Kambove peke yake. Baba ya mtoto alikuwa amehamia shimo jingine, na mwanamke mwingine. Aliketi na Syntiche mapajani, macho kwenye ukuta mweupe ambapo iliangazwa picha ya mtaa wao iliyopigwa kutoka juu, kama anavyouona ndege. Mkuu wa mradi, bibi mmoja aitwaye Léa, mwenye sauti laini, alionyesha kwa fimbo.

"Ng'ambo ya reli, munaona, ni nyekundu. Pale bulongo iko mubaya, tutaitoa yote. Na hapa, upande huu," fimbo ikapita juu ya avenyu ya Laurentine kutoka mwanzo hadi mwisho, "hapa ni kijani. Parseli zote. En tout cas, félicitations, hongera. Bulongo yenu iko muzuri."

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama, wakapiga makofi, wakapiga vigelegele. Ngosa alikumbatiana na watu. "Tumeshinda!" alipiga kelele mtu nyuma, na mwingine akawaimbia watu wa ng'ambo wimbo wa kuwacheka walioshindwa mpira. Clotilde, upande wa pili wa ukumbi, aliinamisha kichwa kwa aibu. Laurentine naye alipiga makofi. Mikono yake ilikuwa inapiga yenyewe.

Kisha akamwona Estelle amesimama.

"Madame, samahani. Kama bulongo yetu iko muzuri, ile risasi iko mu damu ya mutoto wangu inatoka fasi gani?"

Léa alimtazama mtoto, na uso wake ulilegea kidogo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Katika habari hizi mtu mbaya haonekani, ndiyo maana hujui umpige nani. "Inaweza kutoka fasi mingi, mama. Rangi ya nyumba. Sufuria. Betri ya zamani. Shiye tulipima bulongo, na bulongo iko muzuri."

Makofi ya Laurentine yalikuwa yamekwisha. Walirudi nyumbani. Mlangoni, Estelle alisimama akautazama uwanja, ule wekundu ambao hakuuacha pale alipoondoka.

"Mama. Hii ni nini?"

"Tulisafisha."

"Lini?"

Estelle akachuchumaa, akakwangua kwa ukucha. Chini ya wekundu, kina kisichozidi unene wa chapati, ukatokea weusi uleule. Akaketi papo hapo chini. Hakumtukana mama yake; ingekuwa afadhali amtukane.

Siku iliyofuata Laurentine alivaa kitenge chake cha misa akaenda kwenye ofisi ya mradi, ile kontena yenye dirisha karibu na lango la fonderi. Léa alikuwepo, na Ephraïm pia. Alieleza yote, akasimama kama anavyosimama mtu mbele ya padri. Ephraïm alifunika uso kwa kiganja.

"Mama," alisema Léa polepole, "unaniambia mulichafua kazi yetu ya kupima?"

"Hapana, madame. Tulisafisha."

"Ni kitu kimoja."

"Basi mukuje tena. Muchimbe mpaka chini, nitawaonyesha miye mwenyewe."

Léa alifunga mlango, akaketi, akamwelekeza na yeye aketi. Rezilta, yale matokeo, zimekwisha kwenda benki, alisema, na benki imekubali. Akiandika leo kwamba avenyu nzima ilifunika udongo wake, watu wa benki hawatasema maskini wale walikosea. Watasema walidanganya, na watasimamisha kila kitu mpaka uchunguzi uishe. Na ng'ambo ya reli pia.

"Clotilde na batoto yake bangojee juu yako? Miaka ngapi? Unataka vile, mama?"

"Hapana."

"Basi?"

"Na Syntiche?"

Léa alisema kwamba kama shefu wa avenyu ataomba kwa jina la wakaaji wote, labda watapima tena katika awamu inayofuata, kama kutakuwa na awamu inayofuata. Ephraïm alimsindikiza mpaka langoni. "Mama, nilikuuliza," alisema, bila hasira, akitazama viatu vyake. "Nilikuuliza kama ni ya hapa."

Ngosa alimpokea vizuri, akamwekea kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kama mtu aliyesikia mtoto anaomba mwezi.

"Laurentine, dada yangu. Tangu ile réunion ya parokia, magari ya bakubwa inapita hapa kila siku. Banaulizia parseli. Sababu gani? Sababu shiye tuko kijani, karibu na soko mupya! Ba mama wenyewe bale ulipondea nao bulongo, nusu yabo banataka kuuza. Unataka niende kusema tuko na sumu?"

"Tuko nayo, Ngosa. Wajukuu yako pia banakula hii bulongo."

"Banakula kwa sasa. Tukiuza, tutaenda kukaa fasi ingine. Kama uko na akili, uza na weye."

"Nimuuzie nani? Muntu mwenye batoto?"

"Muuzie muntu mwenye kununua."

Na nyumba ile hata haikuwa yake kuuza: ndugu zake wa kaskazini walikuwa hawajaelewana juu yake tangu matanga ya baba. Alipita kwa wamama, mlango kwa mlango, kuwaomba waungame naye. Waliompenda walimwonea huruma, wengine walifunga. Mmoja, yule yule aliyeuliza swali kwa sauti ndogo, alimwambia: "Weye ulisema mashini itaona." Akarudi ndani.

Kwa hiyo Laurentine akashika jembe. Kama hawatauondoa, atauondoa yeye. Alianza mlangoni, Estelle akabeba kwa beseni, Syntiche akafungiwa ndani analia dirishani. Waliondoa wekundu, wakaingia kwenye weusi. Walichimba mpaka kwenye kifundo, mpaka kwenye shavu la mguu, na bado ulikuwa mweusi, na mawe mepesi kama sifongo, na vipande vinavyong'aa. Adalbert alichukua jembe walipopumzika, akapiga mara chache, akaliegemea.

"Hakuna chini, bibi yangu," alisema kifua kikipiga mluzi. "Kambi hii baliijenga juu ya mabaki ya fonderi. Balimwaga takataka yabo, bakatandaza, bakasema: haya, hapa njo kwenu, mukae."

"Chimba au kaa."

Akakaa.

Walipofika magotini waliacha, si kwa sababu walimaliza. Mbele ya nyumba palikuwa na shimo la ukubwa wa uwanja, na kando ya barabara, lundo. Lundo jeusi, refu kuliko mtu, likipuliziwa na upepo kwenye nyumba zote. Majirani walianza kupiga kelele. Laurentine alikwenda langoni kwa mradi kuuliza malori yanayobeba udongo wa ng'ambo ya reli yapitie na kwake. Mlinzi alitazama karatasi ukutani.

"Avenyu gani?"

Akamwambia.

"Mama, hiyo ni kijani. Shimo la kutupia la humu linapokea bulongo ya zoni nyekundu tu. Bulongo safi hatuitupe."

Lundo likabaki. Mvua ya kwanza ikanyesha, likatoa maji meusi yaliyorudi kwenye shimo polepole, yakatuama mbele ya mlango. Syntiche alijifunza kufungua komeo. Walimkuta ameketi ukingoni mwa matope, mikono yote miwili imejaa, ametulia kabisa, na Estelle alipomwita kwa jina aligeuka kama mtu anayejaribu kukumbuka ni nani anaitwa hivyo.

Kisha lori likaja. Lilikuja lenyewe, bila kuitwa, na tingatinga ndogo nyuma yake. Laurentine alitoka mbio akilia kwa furaha, akiwashukuru, akimshukuru Bikira Maria, akishika mlango wa lori.

"Asante, mwanangu! Munaipeleka wapi? Mbali?"

"Karibu tu, mama," dereva alisema. "Hapa ng'ambo ya reli. Kwa ba mama Clotilde bamekwisha kuchimba, sasa banataka bulongo safi ya kujazia. Balituambia tuchukue mu zoni ya kijani. Na weye umeshaitoa, umeturahisishia kazi."

Laurentine aliachia mlango.

Ni lazima isemwe kwamba alinyamaza kwanza. Kwa pumzi moja au mbili aliona uwanja wake bila lile lundo, Syntiche bila yale matope, na hakuna mtu ambaye angejua. Kisha akawaona watoto wa Clotilde, weusi kwa makala, miguuni pa mama yao.

"Hapana," alisema. "Hapana, baba. Hii iko na sumu. Itaua batoto ba bantu."

Dereva alichukua karatasi yake, akaisoma, akamwonyesha kwa kidole. "Avenyu yenu si hii? Iko kijani, mama. Ilipimwa."

"Ile balipima haikuwa hii! Ile ilikuwa ya kichuguu, ya Kasungami, miye mwenyewe nilii…"

"Mama. Miye niko dereva."

"Muulize Ephraïm! Muulize madame Léa!"

"Beko na bageni ba benki leo. Sogea, mama, tuko na safari mingi."

Majirani walitoka kutazama, na walikuwa upande wa lori. Walitaka lundo liondoke. Hata Ngosa alikuja, akamshika mkono, akamwita dada. Laurentine aliuvuta mkono wake. Akapanda lile lundo na kitenge chake, viganja na magoti vikizama, akaketi juu kabisa, mwanamke mzima, mkubwa wa wamama. Akaanza kumwita Clotilde kwa nguvu zake zote kuvuka reli, lakini upepo ulikuwa unatoka huko kuja huku. Kule mbali Clotilde alionekana amesimama kwenye uwanja wake uliochimbwa, anangoja udongo wake safi. Aliona mtu anampungia. Naye akapunga.

Dereva alipiga honi. Alingoja kidogo, kwa heshima. Kisha akamwashiria yule wa tingatinga, na tingatinga ikazunguka, ikaanza kula lundo kutoka upande wa pili.